Maneno ya meinfremu kwa mtu aliyekulia Linux

Kila anayehamia kwenye meinfremu, ile kompyuta kubwa ya mashirika, akitokea Linux hupewa karatasi ileile. Kushoto kuna maneno anayoyajua, kulia maneno mapya: faili ni dataseti, skripti ni JCL, kubuti ni IPL, mchakato ni eneo la anwani, programu ikianguka ni abendi. Nami nilipewa. Siku za mwanzo inasaidia, kisha inaanza kukupoteza, kwa sababu imekuaminisha kwamba kilichobadilika ni majina.

Nimefanya kazi pande zote mbili, na siku hizi anayeniuliza namwambia hivi: Linux inakuacha uanze, matatizo uyakute njiani. Meinfremu inataka ujieleze kwanza. Utatumia nini, cha ukubwa gani, kimeundwaje, na mambo yakiharibika kifanywe nini. Ukiliweka hilo kichwani, sehemu kubwa ya istilahi zake zinakubali kueleweka, hata zile zinazoonekana kama ukaidi wa wazee.

Meinfremu ninayoizungumzia ni ile ya IBM inayoendesha mfumo wa uendeshaji uitwao z/OS, ukoo ulioanza na System/360 iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 1964. Ndugu zake wengine, kama z/VM na z/TPF, wana misamiati yao, na sitawagusa sana.

Kuna neno moja la kuliondoa njiani mapema: storeji. Kwa mtu wa Linux, storeji ni diski. Kwa watu wa meinfremu, storeji ni RAM. Ukiambiwa programu yako imeishiwa storeji, usikimbilie kufuta mafaili. Diski wao huiita DASD, na hutamka “dazdi”. Humo kwenye storeji kuna mipaka miwili utakayoisikia kila siku. Wa kwanza wanauita mstari, nao ni megabaiti 16, kutoka enzi za anwani za biti 24. Wa pili wanauita upau, nao ni gigabaiti 2, kutoka enzi za anwani za biti 31. Ndiyo, 31, wala si 32. Biti ya juu kabisa ilikuwa tayari ina kazi nyingine, kwa mfano kuonyesha kwamba anwani hii ndiyo ya mwisho kwenye orodha ya vigezo, na programu zilizoitegemea zilikuwa nyingi mno kuzivunja. Mtu akikwambia moduli fulani inakaa chini ya mstari, mara nyingi ujue ni ya zamani, na hakuna anayetaka kuigusa.

Sasa dataseti.

Faili la Linux ni mfululizo wa baiti. Keneli haijali kilichomo. Mstari unaishia wapi ni mapatano ya programu na programu, kupitia herufi ya mstari mpya. Dataseti imejengwa kwa rekodi, na mfumo wenyewe ndio unaojua rekodi ina urefu gani. Ukiona RECFM=FB na LRECL=80, maana yake rekodi zote zina urefu mmoja wa baiti 80 na zimefungwa pamoja katika bloku. Herufi ya kumaliza mstari haipo kwa sababu haina kazi. Na 80 hiyo ni idadi ya safu kwenye kadi ya kutoboa ya IBM ya mwaka 1928. Chanzo cha COBOL, lugha ya programu za biashara, cha mtindo wa zamani bado kinaacha safu ya 1 hadi ya 6 zisitumike, maana hapo palikuwa pa namba za mfuatano. (Angusha boksi la kadi sakafuni utaelewa zilikuwa za nini.)

Wageni wengi huiruka bloku, nami naona hapo ndipo utamu ulipo. Diski ya aina ya 3390 ina traki zinazobeba baiti 56,664 kila moja, lakini hicho ni kipimo cha traki yenye bloku moja tu. Kila bloku inakuja na maelezo yake na nafasi tupu za kuitenganisha na jirani. Ukiandika rekodi zako za baiti 80 moja moja, kila rekodi bloku yake, traki nzima inabeba rekodi 78. Ukizifunga katika bloku za baiti 27,920, zinaingia bloku mbili kwa traki, na ndani yake rekodi 698. Diski ni ileile, data ni ileile, tofauti ni karibu mara tisa. Kwa hiyo mzee akiuliza BLKSIZE yako ni ngapi, hakusumbui bure. Siku hizi ukiiacha tupu mfumo unachagua wenyewe, na unachagua vizuri, kwa hiyo iache tupu. Diski za 3390 zenyewe zilishastaafu. Ndani ya makabati ya sasa kuna vifaa vya kisasa vinavyojifanya 3390, lakini hesabu ya traki na silinda, traki 15 kwa silinda, imebaki vilevile.

Hesabu hiyo unakutana nayo unapounda dataseti, kwa sababu haikui tu yenyewe kama faili. Unaomba nafasi: SPACE=(CYL,(10,5)). Nipe silinda 10 za kuanzia, zikijaa niongezee 5, zikijaa tena 5 nyingine. Kwa dataseti ya kawaida nyongeza zina kikomo: vipande 16 kwa kila diski, cha kwanza kikiwamo. Kama silinda zako 10 zimepatikana mahali pamoja, mwisho wako ni 10 jumlisha 15 mara 5, yaani silinda 85. Kwa bloku zile za juu hiyo ni rekodi 889,950, na hakuna hata moja zaidi. Rekodi inayofuata inaiangusha kazi kwa msimbo SB37, huku diski ikiwa na nafasi kibao. Mtu wa Linux hulalamika hapo, nami nilikuwa mmoja wa walalamikaji, mpaka nilipoona upande wa pili: programu iliyopagawa na kuandika bila kukoma haiwezi kuijaza diski ya watu wote. Inajiua yenyewe kwenye kikomo chake, wengine wanaendelea.

Majina nayo yana utaratibu wake. MALIPO.SIKU.MIAMALA inafanana na njia ya folda iliyoandikwa kwa nukta, na karatasi yako itakwambia hivyo. Usikubali. Folda hazipo. Hilo ni jina moja refu, lisilozidi herufi 44, lenye vipande visivyozidi herufi 8 kila kimoja, na ndani ya MALIPO hakuna mahali unapoweza kuingia ukasimama. Kipande cha kwanza, wanachokiita HLQ, ndicho chenye uzito: katalogi kuu hukitumia kujua itafute kwenye katalogi ipi ya chini, na RACF, mlinzi wa mfumo, hukitumia kujua nani anaruhusiwa kugusa nini. Katalogi hukwambia dataseti iko diski gani. Kila diski nayo ina orodha yake ya ndani, VTOC, inayosema ipo wapi hasa. Kitu kilicho karibu na folda ni PDS, dataseti moja yenye memba wengi ndani yake, kila mmoja na jina la herufi zisizozidi 8, na haina ngazi ya pili. Chanzo cha programu, JCL na mipangilio ya mfumo hukaa humo.

Kisha kuna GDG, kundi la matoleo ya dataseti moja, ambayo ningependa Linux ingeiiba. Unaandika MALIPO.SIKU.NAKALA(+1) na mfumo unaunda toleo jipya, wenyewe ukilipa jina linaloishia na kitu kama G0042V00. Toleo la sasa ni (0), la jana (-1), na ya zamani kupita kikomo yanaondolewa yenyewe. Jihadhari na jambo moja tu: ndani ya kazi moja, ulichokiunda kama (+1) kwenye hatua ya kwanza unaendelea kukiita (+1) hadi kazi iishe, hata kama tayari kipo. Kikigeuka kuwa (0) katikati, ukianzisha upya kazi iliyokatika ungeokota toleo lisilo lake.

Tukifika kwenye JCL, lugha ya kuieleza mashine kazi itatumia nini, watu hukunja sura. Hata Fred Brooks, aliyesimamia mradi wa OS/360, mfumo wa uendeshaji wa System/360, alikuja kuisema vibaya hadharani. Sintaksia yake ni mbaya na sina nia ya kuitetea. Wazo lililo chini yake ndilo ninalolitetea. Tazama:

```
//USIKU    JOB (ACCT),'MALIPO',CLASS=A,MSGCLASS=X
//PANGA    EXEC PGM=SORT
//SYSOUT   DD SYSOUT=*
//SORTIN   DD DSN=MALIPO.SIKU.MIAMALA,DISP=SHR
//SORTOUT  DD DSN=MALIPO.SIKU.PANGWA,
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
//            SPACE=(CYL,(10,5),RLSE),
//            RECFM=FB,LRECL=80
//SYSIN    DD *
  SORT FIELDS=(1,10,CH,A)
/*
```

JOB ni kazi nzima, EXEC ni hatua moja inayoendesha programu moja, DD ni kitu kimoja ambacho programu hiyo itakihitaji. Programu ya SORT haijui kama kuna kitu kinaitwa MALIPO.SIKU.MIAMALA. Inajua SORTIN na SORTOUT, basi. Nani anaunganisha jina la ndani na dataseti ya kweli? Mistari ya DD, nje ya programu. Programu ileile, bila kukompailiwa upya, leo inasoma diski, kesho inasoma tepu, keshokutwa inasoma mistari uliyoiandika papo hapo chini ya DD *. Mtu wa Linux ataona hapa jamaa wa stdin na stdout, na hajakosea, ila huku unaweza kuwa na 20 zenye majina badala ya tatu zenye namba.

Cha muhimu zaidi ni wakati. Kabla hatua ya PANGA haijaanza, mfumo unahakikisha MALIPO.SIKU.MIAMALA ipo na nafasi ya SORTOUT imepatikana. Kikikosekana kimoja, programu haianzi kabisa. Ikiwa kilichokosekana ni dataseti, unapata ujumbe wa IEF212I unaosema haikuonekana, pamoja na jina la DD iliyokosa. Na kuhusu kushirikiana, mfumo unakwenda mbali zaidi: majina ya dataseti zilizotajwa kwenye kazi nzima, hatua zote, huwekewa kufuli kwa pamoja kabla hatua ya kwanza haijaanza. DISP=SHR inasema nasoma tu, wengine waje. OLD na NEW zinasema naitaka peke yangu. Kwa kuwa zote zinaombwa kwa mkupuo, ile hali ya kazi mbili kila moja kushika kinachosubiriwa na mwenzake haipati nafasi ya kutokea kwa njia hiyo. Gharama yake ni kwamba kazi yako inaweza kungoja usiku kucha kwa sababu ya dataseti inayohitajika kwenye hatua ya mwisho tu.

DISP yenye sehemu tatu, (NEW,CATLG,DELETE), isome hivi: inaundwa sasa, mambo yakienda vizuri iandikwe kwenye katalogi, hatua ikianguka ifutwe. Usafi wa baada ya ajali, ambao kwenye skripti za sheli wengi wetu tunausahau, hapa ni neno la tatu kwenye mabano, na ulitakiwa kuliandika kabla ajali haijatokea.

Na kwa kuwa kuunda na kufuta kunafanywa na DD, wala si na programu, kukahitajika programu isiyofanya chochote, ili tu pawe na hatua ya kubebea DD hizo. Jina lake ni IEFBR14. BR 14 ni amri ya kuruka kurudi kwa aliyekuita, na mwanzoni programu nzima ilikuwa amri hiyo moja. Kumbe ilikuwa na hitilafu: msimbo wa kurudi hukaa kwenye rejista ya 15, na hakuna aliyeisafisha, kwa hiyo programu isiyofanya kitu ilikuwa inaweza kurudisha jibu lolote lililokuwa limebaki humo. Ikaongezwa amri ya pili ya kuweka sifuri. Programu ya amri moja, nusu yake ikawa imekosekana.

Misimbo hiyo ya kurudi ni 0, 4, 8, 12 na 16. Kwa nini inaruka kwa nne? Amri ya kuruka ilikuwa na baiti 4, kwa hiyo mwitaji alichukua msimbo, akaujumlisha kwenye anwani ya jedwali la amri za kuruka, na akatua moja kwa moja panapohusika. Sifuri ni salama, 4 ni onyo, 8 ni tatizo, 12 na 16 anza kutafuta simu ya mtu. Na hapa ndipo penye COND, kigezo ninachokichukia. COND=(4,LT) inasema: iruke hatua hii kama 4 ni ndogo kuliko msimbo wowote uliotangulia. Inasomeka kinyumenyume, na inazungumzia kuruka, wala si kuendesha. JCL ina IF, THEN na ELSE. Zitumie hizo, na COND iachie kazi za zamani.

Kazi ukishaituma inaingia mikononi mwa JES2, inayopanga foleni, inayoipa kazi mahali pa kuendeshwa kulingana na CLASS, na inayotunza matokeo yote kwenye spuli hadi ayasome mtu. Ujumbe wake huanza na $HASP, ukiwa umebaki kutoka HASP, mtangulizi wake aliyetengenezwa na watu wa IBM huko Houston kwa ajili ya NASA miaka ya 1960. Viambishi vya namna hii, kila kimoja alama ya bidhaa yake, jifunze mapema, kuliko maneno marefu: DFH ni CICS, DSN ni Db2, ICH ni RACF, IST ni VTAM, CSQ ni MQ. Herufi ya mwisho nayo inasema kitu: I ni taarifa tu, A inamtaka opereta afanye jambo. Ujumbe bila namba kwenye z/OS ni nadra, na kila namba ina maelezo yake kwenye miongozo. Nikirudi Linux kusoma logi, hiki ndicho ninachokikumbuka kwa hamu.

Abendi. Kwenye karatasi imeandikwa kuanguka kwa programu, na ni kweli, ila zimegawanyika: zinazoanza na S zimetoka kwenye mfumo, zinazoanza na U zimetoka kwa programu yenyewe. S0C4 ni kugusa storeji isiyokuhusu, ndugu wa karibu wa segfault. S806 ni moduli haikuonekana. S322 muda umekwisha. S222 opereta amekukatia. S913 RACF imekataa. Ila anayewaamsha watu usiku ni S0C7, na huyu hana jamaa upande wa pili.

Meinfremu inajua kuhesabu kwa desimali, moja kwa moja kwenye maunzi. Fedha hazipendi sehemu za baineri, maana 0.10 haiandikiki kikamilifu humo, kwa hiyo COBOL huweka kiasi katika muundo uliopakiwa: kila nusu baiti tarakimu moja, nusu ya mwisho alama. Chanya 123 inakaa kwenye baiti mbili hivi, kwa heksadesimali: 12 3C. Hasi 123: 12 3D. C ni chanya, D ni hasi, F ni isiyo na alama. Sasa chukua sehemu hiyohiyo ambayo hakuna aliyeijaza, ikabaki na nafasi tupu mbili. Kwenye meinfremu nafasi tupu ni 40, kwa hiyo una 40 40. Tarakimu 4, 0, 4, halafu mahali pa alama pana 0. Sifuri si alama. Programu inapojaribu kujumlisha, maunzi yanakataa, na hiyo ndiyo S0C7. Ukiona IEF450I yenye ABEND=S0C7, fungua rekodi kwenye kihariri kwa HEX ON, inayoonyesha baiti zenyewe, na utafute 40 mahali pasipotakiwa. Mara nyingi sana utaikuta. Wanaosema mfumo huu ni mkali kupita kiasi niwaulize: kwenye mshahara wa mtu, mngependa jumla iendelee kimya kimya?

Skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani inadhaniwa kuwa terminali kama ile ya Linux. Hapana. Terminali ya 3270, ya mwaka 1971, haitumi herufi moja moja. Ni kama fomu unayoijaza ukiwa umekaa, kisha unaikabidhi dirishani: unaandika unavyotaka, mashine kuu haijui lolote, hadi ubonyeze Enter au kitufe cha PF. Zikitumwa, ni zile sehemu ulizozibadilisha tu. Ndiyo maana mashine moja iliweza kuhudumia maelfu ya watu, na ndiyo maana hakuna kukamilishiwa maneno unapobonyeza Tab.

Aliyetengeneza tovuti ataelewa CICS haraka kuliko aliyeandika programu za mezani. CICS, programu ya kuendesha miamala na bidhaa tangu 1969, hupokea fomu iliyojazwa, huangalia msimbo wa muamala wa herufi zisizozidi nne, huita programu, hutuma fomu inayofuata, na programu inakufa. Kinachotakiwa kukumbukwa kati ya skrini mbili kinawekwa pembeni kwenye eneo liitwalo COMMAREA na kurudishwa mtumiaji akibonyeza tena. Ombi, jibu, hakuna anayekaa kumsubiri mtu. Miaka mingi baadaye wavuti ilifika palepale.

Mengine niyapitie kwa kasi. Eneo la anwani ni mchakato, kwa kukadiria: kila mtumiaji wa TSO, yaani aliyeingia kufanya kazi kwenye skrini, kila kazi inayoendeshwa, kila huduma ya kudumu ina lake, na ndani yake mna TCB ambazo ni thredi. Huduma za kudumu huitwa STC. MVS, jina la 1974 ambalo watu bado wanalitumia kwa z/OS, lilimaanisha hasa hicho: kila mmoja na storeji pepe yake. LPAR ni mashine moja iliyogawanywa kuwa kadhaa, na ugawaji huo uko chini ya mfumo wowote wa uendeshaji. Sisipleksi ni mifumo hadi 32 inayofanya kazi kama mmoja. IPL ni kuwasha mfumo ndani ya LPAR, na hupangwa kwa kalenda, kwa barua, kwa vikao. APAR ni hitilafu iliyotambuliwa rasmi, PTF ni pachi yake.

MIPS na MSU ni vipimo vya uwezo, na zinastahili dakika moja zaidi kwa sababu zinaeleza tabia za watu. Gharama ya programu nyingi imezoeleka kufuata kilele cha matumizi kwa mwezi, kikipimwa kwa wastani wa saa 4 unaosogea. Kwa hiyo kutazama matumizi ya CPU ni kutazama bili. Mtu anayekukatalia kuendesha kazi yako saa nne asubuhi huenda hana kisirani. Kilele cha mwezi kiko mahali fulani pale, na hataki wewe ndiye ukipandishe. Tangu 2006 kuna prosesa ziitwazo zIIP, zinazochukua aina fulani za kazi, Java ikiwamo siku hizi, bila kuhesabiwa kwenye bili hiyo. Ukisikia mtu anashangilia kwamba kazi yake “imeenda zIIP”, ndicho anachoshangilia.

Nimeiacha Unix mwisho makusudi. z/OS ina Unix kamili ndani yake, ina sheli, ina SSH, na mgeni akiingia humo anashusha pumzi: ls inafanya kazi. Halafu anapanga orodha yake kwa sort na namba zinatokea baada ya herufi, herufi ndogo zikiwa mbele ya kubwa. Ni EBCDIC, mpangilio wa meinfremu wa kuzipa herufi namba. Humo A ni C1, a ni 81, sifuri ni F0. Herufi zenyewe hazijapangana mfululizo: I ni C9, J inarukia D1; R ni D9, S inarukia E2. Programu iliyozoea kuhesabu kutoka A hadi Z kwa kuongeza moja moja inaokota takataka katikati. Ukituma dataseti kwenda seva ya Linux kama maandishi, kila baiti inatafsiriwa, na ile 3C ya mwisho wa kiasi kilichopakiwa inatafsiriwa vilevile, kwa sababu anayetafsiri hajui kwamba pale palikuwa na namba. Namba imeharibika, na data ikirudi inaweza kukuletea S0C7. Tuma kama baineri, au zifungue namba kuwa maandishi kabla ya kutuma.

Na ile Unix yenyewe imekaa juu ya nini? Andika df. Mbele ya kila njia, ndani ya mabano, kuna jina: OMVS.MALIPO.ZFS au mfano wake, vipande visivyozidi herufi 8, nukta katikati. Kila mti wa folda uliotajwa hapo, pamoja na kila faili ndani yake, ni dataseti moja ya aina ya VSAM, iliyoombewa silinda zake za kuanzia na za nyongeza kama dataseti nyingine yoyote. Programu yako ya Java ikilalamika kwamba diski imejaa, na ukaenda kwa watu wa DASD na picha ya kosa, hawataangalia picha. Watakuuliza nyongeza mliweka silinda ngapi.